Vidonge vya Mbwa wa Marehemu

Mume wangu aliniachia nyumba ya bati pale Ziwani, mikorosho iliyozeeka, redio iliyokuwa ikishika stesheni moja tu, na mbwa. Nyumba niliihitaji. Mikorosho nilikuwa nimeizoea. Redio nilimpa jirani kwa sababu ilinikera. Mbwa sikujua nimfanye nini, maana miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumgusa hata kwa ncha ya kidole.

Mimi ni mtoto wa Mikindani. Nyumba ya kwetu ina baraza ambapo dada yangu mkubwa anasomesha watoto Kurani, kama alivyofanya mama kabla yake. Hatukufundishwa kumchukia mbwa. Tulifundishwa tu kukaa naye mbali. Mate yake yakikupata unaosha mara saba, na mara moja kati ya hizo ni kwa udongo. Tulipokuwa wadogo tukimwona mbwa njiani tulikuwa tunakusanya nguo zetu na kupita pembeni tukicheka kwa woga.

Mume wangu alikuwa mtu wa Kitaya, wa ukoo uliovuka Ruvuma zamani kutoka upande wa Msumbiji. Kwao mbwa ni mfanyakazi. Bila yeye ngedere wanamaliza mahindi na nguruwe wanafukua muhogo wote. Aliposilimu ili anioe alikubali kila alichoambiwa, ila suala la mbwa aliliuliza mapema kabisa, kabla hata ya mahari. Shehe akamjibu kwamba mbwa wa kulinda shamba hana neno, mradi asiingie ndani na sisi tujue namna ya kujitwaharisha. Basi tukaishi na mbwa, mmoja baada ya mwingine. Huyu wa mwisho aliletwa kutoka Kitaya ndani ya kapu, wa kahawia, na sikio lake moja lilikuja kupasuliwa na nguruwe shambani.

Upande wa jikoni ulikuwa wangu, na upande wa mkorosho mkubwa ulikuwa wao wawili. Mume wangu ndiye aliyempa chakula, ndiye aliyemtoa kupe mmoja mmoja na kuwatumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa, na ndiye aliyempeleka ofisi ya kata kila bwana mifugo alipokuja na chanjo ya kichaa cha mbwa. Mimi nilikuwa nikiwaona kutoka jikoni, wamekaa, mmoja anaongea na mwingine anasikiliza. Nikiri kwamba wakati mwingine niliona wivu. Mimi hakuniongelesha vile.

Alifariki wakati wa masika, kwa presha, asubuhi akiwa anavaa viatu. Nyumba ikajaa watu, halafu ikapungua, halafu nikabaki na eda yangu. Wanangu wawili wako mbali, mmoja Dodoma na mwingine Mwanza, na wote wawili wananipigia simu wakiwa njiani kwenda mahali fulani. Nasikia honi nyuma ya sauti zao. Wanauliza kama nimekula, nawaambia nimekula, na hapo maongezi yanaisha.

Eda ilipokwisha dada alinipigia.

"Mdogo wangu, sasa njoo nyumbani. Chumba cha uani nimekipaka chokaa mwenyewe. Unakaa huko peke yako unafanya nini?"

"Na mbwa, dada?"

"Mbwa hapana, unajua mwenyewe. Watoto wanakaa hapa na misahafu yao." Kisha akalainisha sauti. "Si kazeeka yule? Ngoja basi. Akishakwenda zake, utakuja."

Hakusema kwa ubaya. Dada yangu ana maneno makali lakini moyo wake ni laini kuliko wangu. Na nilijaribu njia nyingine. Jirani yangu, mama mmoja ambaye naye asili yake ni ng'ambo ya mto, alikubali kumchukua yule mbwa, akamfunga kamba nyumbani kwake. Mbwa akaitafuna kamba, akarudi chini ya mkorosho wake na kipande kikining'inia shingoni. Hakuna mtu mwingine aliyemtaka mbwa mzee.

Kwa hiyo tukawa tunangoja mbwa afe. Dada alingoja, wanangu walingoja, na mimi nikangoja pamoja nao. Hakuna aliyeona ni jambo la kulitamka.

Watu hudhani upweke ni wa usiku. Wangu ulikuwa wa saa nne asubuhi. Usiku nilikuwa nalala, nashukuru Mungu. Lakini saa nne majirani wote wako mashambani, vyombo nimeshaosha, uwanja nimeshafagia, na chakula cha mchana ni mapema mno kukipika. Hapo ndipo nilipokuwa nasikia vizuri kwamba hakuna mtu. Nilikuwa nikikohoa, na mbwa aliye kule chini ya mti anainua kichwa. Katika siku nzima hicho ndicho kilichokuwa kitu pekee kilichonijibu.

Kisha ukaja msimu wa kupulizia mikorosho. Asiyeishi kwetu hajui asubuhi zile: mashine zinanguruma, vumbi la njano la salfa linatanda shamba hadi shamba, linakaa kwenye majani, kwenye mabati, kwenye ndoo za maji, na puani. Tunapuliza kwa sababu ya ule ukungu mweupe unaokausha maua, na salfa kweli inauzuia. Shida yetu watu wa mikorosho ni kwamba tumeiamini mno. Kitu kikitokea ngozini, iwe ya mbuzi, ya mbwa, hata ya mtoto, mtu anaingia stoo na kutoka na salfa.

Mbwa alikuwa ameanza kunyonyoka manyoya kuzunguka macho na kwenye viwiko. Ngozi ikawa nene, ina magamba, na alikuwa anajisugua kwenye shina la mkorosho mpaka anatoka damu. Ilikuwa ukurutu, hilo lilionekana wazi. Jirani yangu akaja kumtazama.

"Nesi, huyu mpake salfa tu," akasema. Ananiita nesi kwa sababu nilifanya kazi zahanati mpaka nilipostaafu, ingawa sikuwa nesi; nilikuwa mhudumu wa dirisha la dawa. "Sisi mbwa wetu wote tunawapaka. Nkorosho ukiumwa si unaupulizia? Na huyu ni vivyo hivyo."

Akampaka yeye, kwa mikono yake miwili, salfa iliyochanganywa na mafuta ya nazi, mpaka mbwa akawa wa njano kutoka sikio hadi mkia. Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza nacheka tangu msiba, na nilishtuka kujisikia.

Kujikuna kukapungua. Tukajisifu. Lakini baada ya hapo akaanza kutoka damu puani, kidogo kidogo, matone kwenye mchanga pale alipolaza kichwa. Tukasema salfa imemchoma pua, kwa sababu anajilamba na kuivuta. Kila aliyepita alisema hivyohivyo, na kila mmoja alikuwa na mbwa wake aliyewahi kutoka damu msimu wa salfa, halafu ama akapona ama akafa. Tukaacha kumpaka, tukangoja pua ipone.

Haikupona. Akaacha kula. Ngedere wakashuka kwenye mapapai mchana kweupe, akawatazama tu. Mbavu zikahesabika. Siku moja nilimsogelea kuliko nilivyowahi, nikaona ndani ya lile sikio lililopasuka kupe wamejazana, wamenona kama mbegu za mbarika. Nani angewatoa? Aliyekuwa akiwatoa alikuwa kaburini, na mimi nilikuwa jikoni.

Ijumaa ile dada alipiga simu kama kawaida yake.

"Mbwa hajambo?"

"Hali chakula, dada. Wala hainuki."

"Basi, Mungu ndiye anayejua. Nianze kuulizia gari la mizigo? Kitanda chako kile ni kizito."

Nikasema nitampigia baadaye. Nikakaa kwenye kigoda jikoni. Nilikuwa naona chumba cha uani kama nimo ndani yake: dirisha linalotazama kisima, sauti za watoto wakisoma barazani kwa pamoja, dada akiwakemea, harufu ya samaki wa kukaanga, mtu wa kuniuliza chumvi iko wapi. Nilikitaka chumba kile. Sitaki kudanganya mtu hapa kwamba sikukitaka. Na sikutakiwa kufanya lolote ili nikipate. Nilitakiwa kukaa tu pale kwenye kigoda, siku mbili tatu, basi.

Nadhani hicho ndicho kilichoniudhi. Nimekaa dirishani zahanati miaka mingi, nimewaona wagonjwa wa kila namna, wengine hata ndugu zao waliwaleta huku wameshawakatia tamaa. Hapajawahi kutokea mgonjwa nikamwangalia huku nafikiria gari la mizigo. Nikasimama kwa hasira, sijui hasira ya nani, nikampigia dereva wa bajaji.

Dereva alifika, akamwona mbwa, akazima injini.

"Mama yangu, shikamoo. Lakini mbwa sipandishi. Leo Ijumaa, nina watu wa kuwapeleka msikitini."

"Marahaba. Nimetandika turubai, na juu ya turubai nimetandika gunia. Akitoka, bajaji nitaiosha mimi."

"Mara saba, mama?"

"Mara saba, na udongo nitachota mwenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa nakufungia dawa za minyoo ulipokuwa mtoto, unatema ukutani kwetu. Washa bajaji."

Akaiwasha. Jirani akamnyanyua mbwa pamoja na gunia, akamlaza miguuni pangu. Njia nzima hadi Mtwara mjini nilikuwa nimekunja miguu juu ya kiti, magari ya saruji yanatupita na kutumwagia vumbi, na mbwa hakuinua kichwa hata mara moja.

Duka la dawa za mifugo liko nyuma ya soko. Lina mifuko ya chakula cha kuku hadi dari, mawe ya chumvi ya ng'ombe, na benchi moja la kusubiri. Nilikaa kati ya mzee aliyeshika kuku wawili wanaosinzia kwa ugonjwa wa mdondo na msichana mwenye paka ndani ya kikapu. Paka alikuwa na tumbo kubwa la minyoo na analia kama mtoto. Wote watatu tulitazama chini. Pale benchini kila mtu anaona haya kidogo kwamba amepanda bajaji kwa ajili ya mnyama.

Daktari alikuwa binti mdogo, anaweza kuwa kitinda mimba wangu. Alimpandisha mbwa mezani, akamtia kipimajoto chini ya mkia, akafunua mdomo na kubonyeza fizi kwa kidole gumba. Zilikuwa hazina rangi kabisa. Alipoondoa kidole hakukuwa na tofauti.

"Damu puani imeanza lini, mama?"

"Tangu tulipompaka salfa."

Akatabasamu, lakini kwa uchovu. "Kila mwaka msimu wa salfa naletewa mbwa wanaotoka damu puani. Na kila mtu ananiambia ni salfa. Kwa hiyo wanangoja, na wakija hapa ndio wako hivi." Akanionyesha wale kupe wa sikioni. "Ni hawa. Hii ni homa ya kupe. Inakula damu, halafu damu inashindwa kuganda. Salfa inasaidia ukurutu kidogo, ndiyo, ila hapa ndani haifiki. Na akijilamba inamsumbua tumbo bure."

"Atapona?"

"Amechelewa. Akifika wiki ijayo anakula, nitakwambia ndiyo."

Akamchoma sindano ya homa na nyingine ya kuongeza damu. Ya ukurutu akasema tungoje apate nguvu. Akanipa dawa ya kuogeshea kupe, ya kuchanganya na maji kwa kipimo kilichoandikwa, nimwogeshe na kunyunyiza pale anapolala, na paka yeyote asisogee hapo, maana kwake ni sumu. Mwisho akanipa vidonge vya doksi, asubuhi na jioni baada ya chakula, mwezi mzima, visichanganywe na maziwa.

"Na panadol usimpe, mama. Watu wanawapa."

"Binti yangu, nimegawa dawa maisha yangu yote. Dawa ya mtu huwezi kumpa mbwa hivihivi."

"Sasa, nani atampa vidonge?"

"Aliyekuwa anamshika ni marehemu mume wangu."

Akatazama baibui langu, akatazama mikono yangu. Alifungua mdomo wa mbwa kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ukapeleka kidonge ndani hadi nyuma ya ulimi, akaufunga mdomo, akapapasa koo mpaka mbwa akameza. Mkono ulitoka umelowa mpaka kwenye kifundo. "Lazima kifike huku nyuma," akasema. "Kikikaa mbele anakitema." Akanifungia glavu kwenye kikaratasi.

Siku ya kwanza nilijaribu ujanja wote ninaoujua. Nilimpondea kidonge kwenye mchuzi wa dagaa, akanusa na kugeuza uso. Nikakifumbata ndani ya donge la ugali. Akala ugali, akakiacha kidonge mchangani kimelambwa, safi. Angalau yeye alikitema mbele yangu. Binadamu niliokuwa nawahudumia walikuwa wanavitupa chooni, halafu wanarudi kuniambia wamemaliza dozi. Nikavaa glavu. Kidonge kikanasa kwenye mpira wa glavu, jino likaipasua, na mbwa akakohoa na kutema tena.

Jua lilikuwa linateremka na yeye alikuwa hajapata dawa. Nikavua ile glavu iliyopasuka. Nikasema Bismillahi, nikafumbua mdomo wa mbwa, nikauingiza mkono wangu mtupu.

Kitu cha kwanza nilichokisikia ni joto. Ulimi ulikuwa unaunguza. Ulijaribu kuusukuma mkono wangu nje, kisha ukachoka, ukalala tu juu ya vidole vyangu. Nikakifikisha kidonge nyuma kabisa, nikafunga mdomo, nikampapasa koo kama nilivyoona. Akameza. Nikabaki nimemshika vile kwa muda, kwa sababu nilitambua jambo lililonitoa machozi: tangu watu wa msibani waliponipa mkono na kuondoka, sikuwa nimegusana na kiumbe hai chochote.

Nikaenda kwenye karo, nikachota udongo, nikaosha kama nilivyofundishwa na mama, kisha nikatawadha nikaswali magharibi. Ikawa ndiyo kazi yangu, asubuhi na jioni. Ngozi ya mkono wa kulia ikakauka na kupasuka kwa udongo. Nilimwogesha kwa ile dawa, nikanyunyiza chini ya mkorosho, kupe wakadondoka wamekauka. Saa nne asubuhi ilikuwa inafika na kupita bila mimi kuiona, maana nilikuwa napika uji wake, namgeuza upande, nafukuza inzi kwenye vidonda. Nilianza hata kumwongelesha. Nilimwambia habari za zahanati, habari za presha, habari za kiatu kimoja alichokuwa amevaa marehemu na kingine kilichokuwa bado. Sikuwahi kumsimulia mtu habari za kile kiatu.

Dada alikuja bila kuniarifu, na vitumbua kwenye kikapu. Alinikuta nimepiga magoti chini ya mkorosho, mkono umo ndani ya kinywa cha mbwa. Alisimama njiani, kanga ameishika kwa chini.

"Osha mkono," akasema. "Nitangoja."

Akangoja mpaka nilipomaliza yote, akihesabu pamoja nami kimyakimya; niliona midomo yake. Tulipokaa jikoni akanisogezea vitumbua, nami nikamimina chai.

"Kumbe unamtibu."

"Namtibu, dada."

"Nilidhani unamwuguza tu, mpaka..." Akaweka kikombe chini. "Basi hutaki kuja."

"Sijasema sitaki."

"Nimepanda juu ya meza na goti hili bovu nikapaka chokaa mpaka darini. Kila Ijumaa nawaambia watu mdogo wangu anakuja. Akipona huyo, atakaa muda gani?"

"Daktari hajui."

"Mwenyewe je? Unatibu kitu kinachokuzuia kuja kwenu. Kwa nini?"

Ningeweza kusema ni kwa ajili ya marehemu, na angenielewa, lakini haikuwa kweli. Ningeweza kusema thawabu, na angekuwa radhi.

"Anaumwa, dada."

Akanitazama sana. Kisha akaniuliza kama mikorosho imetoa maua vizuri mwaka huu, nikasema imetoa. Aliondoka kabla ya alasiri, yeye ambaye siku zote hukaa mpaka tunamfukuza kwa utani. Alinikumbatia, lakini upande wa kushoto.

Wiki zilipita. Siku moja nilibonyeza fizi na nilipoondoa kidole niliona rangi ikirudi taratibu, waridi hafifu. Nikabonyeza tena ili nihakikishe. Damu puani ikakoma. Akaanza kula ugali wote na kusukuma sahani kwa pua. Daktari akamchoma ile sindano ya ukurutu, na manyoya mapya yakachipua kwenye viwiko, mafupi, meusi kuliko ya zamani. Asubuhi moja nikiwa naswali dhuha nikasikia ngedere wanapiga kelele na mbwa anabweka, mbweko kamili kutoka kifuani. Nilikosea rakaa kwa furaha, nikaanza upya.

Nilipompa kidonge cha mwisho nilimpigia dada. Sikungoja Ijumaa.

"Amepona," nikasema.

"Alhamdulillahi," akasema dada, na najua alilisema kwa dhati, kwa sababu alishusha pumzi. Nikasikia watoto wakisoma nyuma yake. "Sasa, mdogo wangu, usinielewe vibaya. Yule mjukuu wangu aliyejifungua juzi analala ukumbini na kichanga. Nilikuwa nakutunzia wewe kile chumba. Lakini kama mbwa mzima..."

"Mpe chumba, dada."

"Unasema kweli?"

"Kichanga hakiwezi kulala ukumbini. Mpe."

Tukaagana vizuri. Hakukuwa na ugomvi wowote. Ingekuwa afadhali tungegombana. Nikaweka simu juu ya kabati nikalia, kwa sauti, kama ninavyojua kulia, maana hakukuwa na mtu wa kumstahi. Nililia kwa ajili ya dirisha lile la kisimani. Nilipotulia nikafikiri, haya, angalau yupo yule. Nikachukua kichwa cha samaki nilichokuwa nimekiweka, nikatoka uani.

Alikuwa amelala kivulini. Aliponiona nakuja akainuka. Nikafurahi. Lakini alifyata mkia katikati ya miguu, akarudi nyuma, akazunguka mti mpaka shina likawa kati yetu. Nikamwita kwa upole. Akazidi kurudi nyuma, macho yako kwenye mkono wangu wa kulia. Nikaweka samaki chini na kuondoka hatua chache, hakuja. Nikaelewa basi. Mwezi mzima, asubuhi na jioni, mimi ndiye niliyekuwa nikimfumbua kinywa kwa nguvu na kumsukumia uchungu kooni. Habari zote nilizomsimulia hazikumwingia. Alichojifunza ni mkono.

Zahanati nilishazoea. Watoto niliowatibu wakiniona sokoni walikuwa wanajificha nyuma ya mama zao, na mimi nilikuwa nacheka, kwa sababu nilikuwa narudi nyumbani ambako kuna mtu. Safari hii sikuwa na pa kurudi. Nyumbani kwenyewe ndipo pale.

Nikaleta kigoda kutoka jikoni, nikakiweka uwanjani, mbali kidogo na mkorosho. Nikakaa, nikaweka mikono yangu mapajani, viganja vikitazama juu, ili aone hakuna kitu. Inzi wakatua juu ya samaki. Mbwa akachungulia kutoka nyuma ya shina, akanitazama, nami nikamtazama, mpaka adhana ya magharibi ikasikika na nikalazimika kuinuka.

Hakuja siku ile. Kesho yake nikakitoa tena kigoda.